Giessen, Paris, London au Philadelphia: uende wapi kuiona historia ya kemia?

Aliyewahi kupanga kabati la maabara ya shule anaijua kondensa ya Liebig: mirija miwili ya kioo, mmoja umelala ndani ya mwenzake, maji baridi yanapita nje na mvuke unageuka tone ndani. Shuleni nilikofundisha ilikaa na vumbi mwaka mzima, ikatolewa wiki ya mtihani wa vitendo. Siku moja msichana wa kidato cha tatu aliniuliza, "Mwalimu, huyu Liebig alikuwa nani?" Nikamjibu kwamba alikuwa Mjerumani, tukaendelea na somo. Jibu lile limenikaa moyoni, maana yule mtoto alistahili kuambiwa zaidi. Alistahili kuambiwa, kwa mfano, kwamba kifaa chenyewe hakikubuniwa na Liebig. Christian Ehrenfried Weigel alikieleza kwa maandishi mwaka 1771, miaka 32 kabla Liebig hajazaliwa. Liebig alikitumia na kukieneza, na jina likaganda kwake.

Siku hizi swali linalonifikia ni jingine. Mwalimu mwenzangu amepata mafunzo ya wiki mbili Ujerumani. Mpwa wangu anasoma Ufaransa. Jirani wa zamani amehamia Pennsylvania na watoto wake wawili. Wote wanauliza: nina siku moja ya mapumziko, niende wapi nikaione historia ya kemia kwa macho yangu? Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili yao. Sikupima kwa ukubwa wa jengo wala kwa umaarufu wa jina. Kila mahali nimeuliza swali moja tu: ni kitu gani hasa walichokiokoa? Giessen, mji wa Ujerumani, waliokoa chumba cha kazi. Paris waliokoa vyombo, pamoja na chumba kilichobidi kisafishwe. London wameokoa desturi. Philadelphia wanaokoa sauti na karatasi. Na nilitamke mapema ili asiye na muda asisumbuke: kama siku ni moja na uko bara la Ulaya, nenda Giessen.

Giessen: chumba chenyewe

Mkemia Justus Liebig alifika Giessen mwaka 1824 akiwa na umri wa miaka 21, kwa pendekezo la mwanasayansi mashuhuri Alexander von Humboldt. Alipewa nafasi ndani ya jengo la walinzi la kambi ya askari isiyotumika tena, jengo ambalo leo ni Makumbusho ya Liebig. Enzi hizo mwanafunzi wa kemia kwa kawaida alikaa kwenye benchi akamtazama profesa akichanganya vitu mezani. Kushika chombo kwa mkono wake ilikuwa bahati ya wachache. Liebig akaupindua utaratibu huo. Wanafunzi waliingia maabara asubuhi, kila mmoja akapewa dutu yake ya kuchunguza, akaitolea maelezo mbele ya wenzake. Mtihani wa vitendo unaowatoa jasho vijana wetu wa kidato cha nne una asili yake katika vyumba kama hivi.

Chumba cha kwanza kilikuwa na tanuri la mkaa na hakikuwa na njia ya maana ya kutolea hewa chafu. Mvuke ulipozidi, watu walibeba vyombo vyao wakahamia kwenye baraza yenye nguzo mbele ya jengo. Mwalimu aliyewahi kutayarisha klorini katika chumba chenye dirisha moja, akaishia kuwatoa watoto nje wakikohoa, hatahitaji maelezo ya ziada akisimama pale. Mwaka 1839 jengo liliongezwa, na katika maabara mpya ya uchambuzi kukawekwa makabati yenye milango ya kioo yaliyounganishwa na dohani ya kutolea mvuke. Baraza, tanuri, makabati, ukumbi wa mihadhara: vyote unaviona mahali pake. Mwaka 1842 mchoraji Wilhelm Trautschold aliichora maabara hiyo ikiwa imejaa vijana kazini, baadhi yao na kofia vichwani. Ukiwa na nakala ya mchoro huo mkononi unaweza kusimama chumbani na kulinganisha ukuta kwa ukuta. Sijui mahali pengine katika historia ya kemia ambapo jambo hilo linawezekana kwa urahisi namna hiyo.

Halafu kuna kile kifaa kidogo cha viputo vitano vya kioo, Kaliapparat, cha mwaka 1831. Nitakieleza kidogo, kwa sababu asiyekielewa atakipita kama pambo la kioo. Ukichoma dutu ya kikaboni pamoja na oksidi ya shaba, kaboni yote inageuka kaboni dioksaidi na haidrojeni yote inageuka maji. Maji yananaswa na kloridi ya kalsiamu. Gesi inayobaki inapita katika viputo vyenye myeyusho wa potashi kali (haidroksidi ya potasiamu), na potashi inaimeza yote. Unapima viputo kabla, unavipima baada. Uzito ulioongezeka unakuambia kaboni ilikuwa kiasi gani. Viputo vitatu vya chini ndivyo vinavyofanya kazi, na viwili vya juu vinazuia kimiminika kisivutwe nyuma wala kumwagika. Kifaa ni chepesi hata kinaning'inizwa kwenye mizani kilivyo. Kazi iliyokuwa ya mabingwa wachache ikawa kazi ya mwanafunzi mwenye subira. Chama cha Wakemia cha Marekani kimekiweka kifaa hicho katika nembo yake hadi leo.

Zaidi ya vijana 700 walipita mikononi mwa Liebig kabla hajahamia Munich mwaka 1852, wengine wakitoka Uingereza, Marekani na hata Mexico. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1920. Mabomu ya Desemba 1944 yaliuteketeza sehemu kubwa ya mji na jengo nalo likaumia, likatengenezwa na kufunguliwa tena mwaka 1952. Linaendeshwa na chama cha wapenzi wa historia hiyo, na hilo linaonekana: mahali ni padogo, hapana mbwembwe, na anayekuongoza huenda ni mkemia mstaafu anayekijua kila chombo. Kama mko kundi, ulizeni mapema kuhusu mihadhara yenye majaribio inayotolewa katika ukumbi uleule wa Liebig.

Upungufu wake nausema bila kuuficha. Saa mbili zinatosha, na mji wenyewe hauna mengi ya kumshika mgeni siku nzima. Mtoto wa miaka saba atachoka, kwani vitu vya kugusa na kubonyeza ni haba. Na ukitaka kemia ya karne ya 20, hapa haipo.

Paris: mahali pawili pa kutazama, na swali moja zito

Paris ina mahali pawili, lakini watu wengi hufika mahali pamoja tu kati ya hapo.

Wengi huenda Musée Curie, kwenye mtaa wenye jina la Pierre na Marie Curie, hatua chache kutoka Panthéon. Kiingilio ni bure. Ni ghorofa ya chini ya jengo la Taasisi ya Radiamu, ambamo Marie Curie alifanya kazi hadi alipofariki mwaka 1934. Utaiona ofisi yake, utaiona maabara yake ya kemia, utaiona bustani aliyoipenda. Lakini sahihisha jambo moja kichwani kabla hujaingia: radiamu haikugunduliwa hapa. Poloniamu na radiamu ziligunduliwa mwaka 1898 katika shule ya fizikia na kemia ya jiji, na kile kibanda kilichovuja mvua ambamo Marie alichemsha mawe ya urani sufuria kwa sufuria kilibomolewa zamani. Nasikitika kila ninapolifikiria. Jengo bovu kuliko yote ndilo lililokuwa na thamani kuliko yote, na hakuna aliyelitetea.

Kuna tofauti nyingine na Giessen. Maabara unayoiona Paris ilibidi isafishwe mionzi mwaka 1981 na kupangwa upya kabla umma haujaruhusiwa kuingia. Radiamu huchukua takriban miaka 1,600 kupungua hadi nusu, na ilikuwa imeingia katika mbao na kuta. Madaftari ya Marie yanatunzwa Maktaba ya Taifa ya Ufaransa ndani ya masanduku ya risasi. Kwa hiyo unachokiona hapa ni chumba cha kweli kilichooshwa, na kuoshwa kwake ni sehemu ya historia. Mimi naona mwalimu anaweza kufundisha somo zima la mionzi kwa kueleza tu kwa nini chumba hiki kilihitaji kuoshwa.

Waulize pia habari za Marguerite Perey. Aliingia taasisi hii mwaka 1929 akiwa msaidizi wa maabara mwenye umri wa miaka 19, na mwaka 1939 akagundua fransiamu, elementi namba 87. Mwaka 1962 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Chuo cha Sayansi cha Ufaransa, akiwa mwanachama mshiriki, chuo kilekile kilichomkataa Marie Curie mwenyewe mwaka 1911. Msichana wa kidato cha tatu akimsikia Perey atasimama wima zaidi.

Kwa msomaji wa Likasi au Lubumbashi, Paris ina uzito ambao mahali pengine hapana. Mawe ya kwanza ya akina Curie yalitoka Bohemia. Lakini mwaka 1915 madini ya urani yalionekana Shinkolobwe, Katanga, yakiwa na utajiri usio na mfano, na kuanzia mwaka 1922 yakasafirishwa hadi kiwanda cha Olen, Ubelgiji, kutolewa radiamu. Mwaka 1921 wanawake wa Marekani walimchangia Marie Curie gramu moja ya radiamu kwa dola 100,000. Mwaka 1929 gramu nyingine, ya taasisi ya Warsaw, ilichangiwa dola 50,000. Katikati ya tarehe hizo mbili ndipo radiamu ya Katanga iliingia sokoni, na bei ikashuka. Baadaye urani ya Shinkolobwe hiyohiyo ilitumika kutengeneza bomu lililoangushwa Hiroshima. Mkongomani anayesimama mbele ya meza ya Marie Curie anatazama mwisho mmoja wa njia iliyoanzia kwao, naye ana haki ya kuuliza ni nani anayeihifadhi historia ya watu waliochimba mawe yale kwa mikono.

Lile swali zito liliibuka hadharani mwaka 2024. Kando ya makumbusho kuna kibanda cha matofali kinachoitwa Pavillon des Sources, ambamo vyanzo vya mionzi vilitayarishwa. Taasisi ya Curie ilitaka kukibomoa ili ijenge jengo la utafiti wa kemia ya saratani. Watu wakapinga, ubomoaji ukasitishwa, na mwafaka uliofikiwa ni kukivunja jiwe kwa jiwe na kukijenga tena mita chache pembeni. Nimelifikiria sana jambo hilo. Marie Curie alitaka kemia iponye wagonjwa. Angeweza kuwa upande wowote wa mabishano hayo. Lakini nikikumbuka kile kibanda kingine kilichopotea bila mtetezi, nafurahi kwamba safari hii watu walipiga kelele.

Mahali pa pili Paris ni Musée des Arts et Métiers, ndani ya iliyokuwa nyumba ya watawa ya Saint-Martin-des-Champs. Hapa ndipo vilipo vyombo vya Antoine Lavoisier, Mfaransa aliyeifanya kemia kuwa sayansi ya kupima: mizani zilizotengenezwa na mafundi Fortin na Mégnié, na vile vipima gesi vikubwa vya shaba. Maabara yake katika jengo la Arsenal, Paris, haipo tena. Yeye mwenyewe alikatwa kichwa tarehe 8 Mei 1794, na mali yake ikataifishwa hadi mjane wake, Marie-Anne Paulze, alipofanikiwa kuirudisha. Mama huyo ndiye aliyechora michoro ya vyombo katika kitabu cha mumewe cha mwaka 1789, kile chenye orodha ya elementi 33. Mtu ukivitazama vyombo hivi ndipo unapoelewa kwa nini kanuni ya uhifadhi wa maada, ile tunayoiandika ubaoni kwa mstari mmoja, haikuja kwa kufikiri tu. Ilinunuliwa kwa fedha nyingi na mafundi bora wa mizani. Ni wachache tu waliokuwa na uwezo wa kurudia majaribio yake kwa vyombo vya namna hiyo.

Sasa linganisha. Mizani ya Lavoisier ni nzuri kuliko chochote kilichopo Giessen. Ni kazi ya ufundi inayomzuia mtu kupumua. Lakini imesimama ndani ya kabati la kioo, mbali na meza yake, dirisha lake na moto wake. Chombo bila chumba kinakuonyesha ufundi, hakikuonyeshi kazi. Kwa sababu hiyo, Paris kwangu inashika nafasi ya pili, ingawa kwa mtu mwenye siku mbili inaweza kuwa ya kwanza, kwa sababu siku ya kwanza unapata Lavoisier na ya pili unapata Curie.

London: desturi iliyo hai

Royal Institution, taasisi ya sayansi, ipo Albemarle Street, karibu na kituo cha Green Park, tangu mwaka 1799. Makumbusho ya Faraday yako humo ndani na kiingilio ni bure. Yupo Humphry Davy na taa yake ya wachimba makaa ya mwaka 1815. Yupo James Dewar na chupa yake ya mwaka 1892, babu wa chupa za chai zilizomo katika kila nyumba ya Kiswahili. Na ipo chupa ndogo ya benzini, ileile aliyoitenga Michael Faraday mwaka 1825 kutoka katika mafuta yaliyobaki kwenye gesi ya taa.

Ukiwa na wanafunzi wa pwani au wa Bonde la Ufa, hadithi ya kusimulia hapa ni ya majivu na magadi. Mwaka 1807, katika jengo hili, Davy alipitisha umeme kwenye potashi kali, kitu kinachotokana na majivu, na vikatokea vidonge vinavyong'aa kama zebaki, vingine vikilipuka na kuwaka palepale. Hiyo ndiyo potasiamu. Siku chache baadaye akafanya vivyo hivyo kwa soda kali akapata sodiamu. Bibi anayechuja majivu ya maganda ya ndizi ili mboga zilainike anashughulika na ndugu wa kile cha kwanza, na magadi yanayochimbwa Ziwa Magadi ni ndugu wa kile cha pili. Alama ya sodiamu ni Na kwa sababu ya neno natrium, lenye asili moja na jina la Ziwa Natron. Mtoto akilijua hilo hatasumbuka tena kukariri kwa nini sodiamu haiandikwi So.

Hata hivyo, mkemia anaweza kusikitika kidogo London. Maabara iliyorudishwa katika hali ya enzi za Faraday ni ile ya sumaku. Chumba cha kemia huwezi kukiona kama unavyoona Giessen. Kilichohifadhiwa vizuri zaidi pale ni desturi. Mihadhara ya Krismasi kwa vijana ilianza mwaka 1825 na inaendelea mpaka leo, ikiwa ilikatizwa na Vita Kuu ya Pili tu. Faraday mwenyewe, mtoto wa mhunzi aliyeanza maisha kwa kujalidi vitabu, alitoa misururu 19, na kwa mshumaa mmoja aliweza kuwafundisha watoto mwako, hewa na pumzi. Kama safari yako inaangukia Desemba na una watoto, hapo mizani yangu inageuka: London inatangulia.

Na kuna uzi unaoziunganisha London na Giessen ambao nauona mzuri kuliko yote. Benzini ilitengwa London mwaka 1825. Mtu aliyeeleza mwaka 1865 kwamba atomi zake sita za kaboni zimeshikana duara ni August Kekulé, kijana aliyekwenda Giessen mwaka 1847 kusomea usanifu majengo, akasikiliza mihadhara ya Liebig, akahama fani. Mwanafunzi mwingine wa Giessen, August Wilhelm Hofmann, alihamia London mwaka 1845 kuongoza chuo cha kemia, na mwanafunzi wake William Perkin akapata mwaka 1856 rangi ya zambarau kutoka kwenye lami ya makaa ya mawe. Ukizitembelea sehemu zote mbili, anza Giessen. Utaiangalia ile chupa ya benzini kwa jicho jingine.

Philadelphia: sauti na karatasi

Science History Institute, Chestnut Street, ni tofauti na wenzake watatu. Hakuna aliyegundua elementi mle ndani. Ilianza mwaka 1982 kama kituo cha historia ya kemia, na jina la sasa limetumika tangu 2018. Makumbusho yake, bure kuingia, yana vifaa vya karne ya 20 ambavyo Giessen nimesema huvipati: vipimo, plastiki za mwanzo, mita ya pH ya Arnold Beckman iliyozaliwa miaka ya 1930 ili kupima uchachu wa maji ya ndimu. Yana pia michoro ya mafuta ya wanaalkemia, watangulizi wa wakemia, wakiwa katikati ya moshi na vyungu vyao.

Lakini hazina yao ya kweli ni mahojiano. Kwa miongo minne wamekaa na wakemia wazee na kuwarekodi wakieleza walivyofanya kazi, walivyokosea, nani aliwasaidia. Chumba cha Liebig kinakuonyesha tanuri. Hakikuambii aliyeliwasha alikuwa anafikiria nini. Mahojiano yanakuambia. Na kwa msomaji aliyeko Kigoma, Kisumu au Bujumbura, hapa ndipo pa kuanzia, kwa sababu sehemu kubwa ya picha, vitabu na mahojiano hayo inafikika kwa simu bila malipo.

Ukiwa na gari na siku ya ziada Pennsylvania, nenda Northumberland kwenye nyumba ya Joseph Priestley. Alitenga oksijeni tarehe 1 Agosti 1774; mwaka 1791 kundi lenye hasira likachoma nyumba na maabara yake Birmingham; mwaka 1794 akahamia Marekani akajenga nyumba nyingine kando ya mto Susquehanna. Wakemia wa Marekani walikusanyika hapo mwaka 1874 kuadhimisha miaka 100 ya oksijeni, na mkutano huo ukachangia kuzaliwa kwa chama chao miaka miwili baadaye. Ni mfano ninaoupenda wa maadhimisho yaliyozaa kitu.

Tukiziweka ubavu kwa ubavu

Gharama kwanza. Musée Curie, Royal Institution na Philadelphia huingii kwa pesa. Giessen na Arts et Métiers wanatoza kiingilio. Nauli ndiyo inayoumiza: Giessen iko kaskazini ya Frankfurt na treni haizidi kama saa moja, kwa hiyo hata anayebadilisha ndege Frankfurt na ana siku nzima mkononi, mradi viza inamruhusu kutoka nje ya uwanja, anaweza kwenda na kurudi. Viza ya Schengen inakufungulia Giessen na Paris kwa pamoja. Uingereza inataka yake. Ratiba nazo zitazame kabla hujakata tiketi, hasa Musée Curie, ambayo hufunguliwa siku chache za wiki na alasiri tu.

Watoto wadogo: London, kisha Arts et Métiers, ambako kuna pia ndege na mashine za kuwashangaza. Mwanafunzi wa chuo kikuu anayetaka kuandika tasnifu: Philadelphia bila kusita. Msichana anayesita kuchukua mchepuo wa sayansi: Musée Curie, na umsimulie Perey. Mwalimu wa sekondari: Giessen. Siwezi kusema tofauti. Mwalimu anahitaji kuona kwamba maabara iliyobadilisha kemia ya dunia ilianzia katika jengo la walinzi lenye moshi, na kwamba nguvu yake ilikuwa katika wingi wa wanafunzi walioruhusiwa kushika vyombo.

Na pa tano, kusikohitaji viza

Mwaka 2014 mkemia Alan Aitken alikuwa akisafisha stoo ya Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland. Katikati ya makorokoro yaliyokaa tangu idara ihamie jengo jipya mwaka 1968, akakuta karatasi kubwa zilizoviringishwa. Moja ilikuwa jedwali la elementi la kutundika ukutani, limechakaa hata likimeguka kila lilipoguswa. Wataalamu waliliwekea tarehe kwa njia ambayo mwanafunzi yeyote anaweza kuifuata: galiamu, iliyogunduliwa mwaka 1875, na skandiamu, ya mwaka 1879, zimo, jamaniamu, ya mwaka 1886, haimo. Kwa hiyo lilichapwa kati ya miaka hiyo. Rekodi za chuo zikaonyesha kwamba lilinunuliwa mwaka 1888 kutoka kwa muuzaji wa Bonn kwa maki 3. Linatajwa kuwa jedwali la darasani la zamani kuliko yote yanayojulikana kubaki duniani. La asili limehifadhiwa, na nakala yake imetundikwa.

Shule nyingi za Afrika Mashariki zina stoo za namna hiyo, nazo husafishwa kila mkuu mpya anapofika. Kabla mzigo haujatoka nje, toa nusu siku pamoja na wanafunzi wawili watatu. Pigeni picha kila chati na kila chombo. Andikeni jina la kiwanda, mara nyingi limechapwa kwenye kioo chenyewe karibu na mdomo wa mrija. Tafuteni katika daftari la stoo mwaka kilipopokelewa na aliyekipokea. Kama mwalimu wa zamani wa kemia bado yu hai, mpelekeeni picha hizo, muwashe kinasa sauti cha simu, na mmuulize alikitumiaje. Anzeni na kondensa.